Mganga Hajigangi: Uchovu wa Watumishi wa Tiba ya Mionzi

Kila askari anafahamu kwamba mlinzi asiyepokewa zamu mwishowe atasinzia, hata awe shujaa wa namna gani. Kusinzia kwake si woga wala uvivu, bali ni maumbile ya mwanadamu. Jambo hili lililo wazi lindoni aghalabu husahauliwa hospitalini, hasa katika idara ya tiba ya mionzi, ambako hutibiwa wagonjwa wa saratani.

Kazi ya idara hiyo ni ya namna hii. Mgonjwa hulazwa juu ya meza, na alama zilizochorwa mwilini mwake hulinganishwa na mwanga wa mashine. Watumishi hutoka, mlango mzito hufungwa, naye hubaki peke yake huku akitazamwa kwa televisheni kutoka chumba cha nje. Baada ya dakika chache hushuka, na mwingine huingia. Mgonjwa yule yule hurudi siku tano kwa juma, pengine kwa majuma matano au hata saba. Mtumishi humjua kwa jina, husikia habari za watoto wake, huona anavyokonda au anavyopata nguvu. Wapo wanaopona, na wapo wanaofariki. Wakati huo huo, kupotoka kwa sentimita moja tu kwaweza kudhuru kiungo kisicho na ugonjwa na kuuacha uvimbe. Huruma na hesabu hudaiwa kwa mtu yule yule, tangu asubuhi hadi jioni.

Mashine nayo huongeza mzigo. Katika mashine za kobalti, nguvu ya kobalti hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na miezi kama mitatu. Mgonjwa aliyehitaji dakika mbili chini ya mionzi atahitaji nne. Wagonjwa wasipopungua, siku ya kazi hurefuka.

Nchini Uganda, mwaka 2016, mashine pekee ya tiba hiyo, iliyokuwa Mulago mjini Kampala, iliharibika isiweze kutengenezeka. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018, na katika kipindi hicho baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi kutibiwa. Si vigumu kufikiri uzito wa moyo wa mtu aliyefunzwa kutibu, anapolazimika kumweleza mgonjwa kwamba hapana mashine. Kujua tiba na kukosa njia ya kuitoa huchosha kuliko kazi yenyewe.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu sugu wa kazini si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na shinikizo la muda mrefu kazini lisilodhibitiwa vema. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuwa baridi juu yake, na kuona kwamba juhudi hazizai matunda. Mtumishi aliyekuwa mpole huwa mkali kwa wagonjwa, au huwatazama kama namba tu. Hapo hatari si yake peke yake, maana aliyechoka hukosea hesabu.

Kwa kuwa chanzo ni mpangilio wa kazi, haitoshi kumwambia mtu avumilie. Kwanza, wakuu wapange zamu na mapumziko yanayoheshimiwa, na likizo isiahirishwe mwaka hata mwaka. Pili, vipimo vya kila mgonjwa vikaguliwe na watu wawili, wala anayekagua asikatizwe kwa maswali mengine. Tatu, kosa dogo liripotiwe bila vitisho, kwani kosa lililofichwa hurudi likiwa kubwa. Nne, anapofariki mgonjwa waliyemhudumia siku nyingi, watumishi wapewe nafasi ya kuketi pamoja na kumzungumzia. Tano, mashine zitengenezwe kabla hazijasimama.

Nyumbani nako kuna wajibu. Jamaa za askari na polisi wanajua hali ya mtu arudiye kutoka kazini akiwa kimya. Asilakiwe kwa madai ya ada na kodi mlangoni. Apewe maji ya kuoga, chakula, na muda mfupi wa utulivu. Kisha aulizwe kwa upole, na akisema asikilizwe. Naye asitafute faraja katika pombe, kwa sababu pombe huharibu usingizi anaouhitaji. Akikosa usingizi majuma kadhaa, au akisema maisha hayana maana, apelekwe kwa daktari bila kuchelewa wala kuona haya.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Basi yawapasa wakuu wake, wenzake na jamaa zake wamwangalie, ili mkono unaoelekeza mionzi uwe mkono uliopumzika.