Usimpelekee nyanya 'homa tu'

Wewe uliyepanda matatu ya Ukunda kwenda Likoni asubuhi ya leo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, ukapiga chafya mara tatu kwenye kiganja kisha ukampa makanga nauli kwa mkono uleule, hebu tuongee kidogo. Sikulaumu. Mimi nimefanya hayo na zaidi.

Mwaka juzi nilikuwa kibarua kwenye hoteli moja hapa Diani, Desemba, msimu umechanganya. Alhamisi koo likaanza kuniwasha. Kufika jioni mwili mzima unauma kama nimeshinda nikibeba matofali. Lakini unajua mambo ya kibarua: siku usiyofika hailipwi, na getini kuna kijana mwingine anaingoja nafasi yako. Nikameza vidonge vya maumivu nikaenda kazini siku mbili. Jumapili nikateremka Msambweni kumsalimia nyanya, nikambusu mkono kama kawaida yetu.

Siku ya nne nyanya alishindwa kuamka. Ana miaka sabini na kitu, na ana pumu. Alilazwa siku sita akiwekewa oksijeni. Alitoka, alhamdulillahi, lakini hadi leo akipanda ngazi tatu za baraza lazima asimame apumzike.

Siku zote hizo nyumbani tulikuwa tukiambiana "ni homa tu". Hilo neno limetuponza. Malaria ni homa, dengi ni homa, mafua ya kawaida ni homa, na influenza, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa, nayo tunaiita homa. Mafua ya kawaida huja polepole, unafuta makamasi huku shughuli zinaendelea. Influenza inakuangusha ghafla: joto, kichwa, viungo, kikohozi kikavu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nayo. Wanaoumia zaidi ni wazee, watoto wadogo, waja wazito na wenye maradhi kama pumu, kisukari, moyo au VVU. Wewe wa miaka 22 utalala siku nne uamke, ndiyo maana hushtuki. Tena unaweza kuanza kuambukiza siku moja kabla hujajisikia vibaya.

Na sisi watu wa Kwale tumekaa njiani hasa. Desemba hadi Machi, watalii wanapojaa Diani, ndiyo baridi kali huko Ulaya na ndipo influenza inapochacha kwao. Siwasemi vibaya wageni, ndio wanaotulisha. Lakini anayewabebea mizigo, anayewatandikia kitanda na anayewauzia vinyago ufuoni ni wewe na mimi, na jioni tunarudi nyumbani kwa wazee. Isitoshe, huku kwetu karibu na ikweta kirusi hiki huzunguka mwaka mzima. Wala si jambo geni. Mwaka 1918 influenza iliyoua makumi ya mamilioni duniani iliingia nchini kwa meli, kupitia bandari ya Mombasa.

Chanjo ipo. Kila mwaka inasukwa upya kwa sababu kirusi hubadilika, kwa hivyo ya mwaka jana haikutoshi. Inachukua kama wiki mbili kufanya kazi. Si ngao kamili, unaweza kuchanjwa na bado ukaugua, ila uwezekano wa kulazwa au kufa unapungua.

Najua maneno ya maskani: ati inamaliza nguvu, ati inafanya mtu tasa. Tuliyasikia hayohayo 2021 chanjo ya Covid ilipoletwa. Hebu angalia mkono wako wa kushoto. Kile kikovu ni cha chanjo ya kifua kikuu uliyodungwa ukiwa mchanga, na mbona uko hapa unasoma?

Kinachonikasirisha mimi ni kingine. Mwaka 2016 wataalamu wanaoishauri serikali kuhusu chanjo walipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe chanjo ya influenza. Bado haimo kwenye ratiba ya chanjo za bure za watoto. Utaipata kwa kununua, hospitali za kibinafsi na baadhi ya maduka ya dawa. Sasa umwambie mama anayeuza samaki Msambweni "nenda ukachanjwe", kama vile unamtuma mahamri?

Hoteli zinaweza. Kama kuna pesa za kusafisha bwawa la kuogelea kila siku, zitafutwe za kuwachanja wafanyakazi kabla ya Desemba, vibarua wakiwemo, na mgonjwa alipwe siku mbili tatu akae kwao. Ingekuwa hivyo nisingeenda kazini ile Ijumaa. Kaunti nayo ianze na wazee na wahudumu wa afya. Vikao vya wananchi kuhusu bajeti vipo kisheria, na sisi vijana huwa hatuendi, halafu tunalalamika TikTok.

Kwa sasa, yasiyo na gharama tunayajua. Aprili 2020 Kwale ilipofungwa pamoja na Mombasa na Kilifi, kila duka lilikuwa na mtungi wa maji na sabuni. Siku hizi mitungi ile inaoshea pikipiki. Fungua dirisha la matatu hata mvua ikikurushia matone. Kohoa kwenye kiwiko. Ukiumwa, matangani salimia kwa mdomo, hakuna atakayekasirika, na ukilazimika kutoka vaa barakoa. Tangawizi na ndimu kwa koo, sawa. Antibiotiki za kununua mbilimbili dukani hazigusi kirusi, unatupa pesa. Pumzi ikibana, usingoje kesho.

Novemba iliyopita tulichanga watu watano, nyanya akadungwa. Alipomaliza akanitazama akauliza, "Na wewe je, mjukuu wangu?" Pesa zilikuwa za mtu mmoja. Mwezi huu nimeanza kuweka zangu.