Kadi ya Mwenzako Si Yako Kuirusha

Wiki haipiti bila ya kuingia kwenye simu yangu kadi ya mtu nisiyemjua. Ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja mkimbizi, imelazwa juu ya mkeka ikapigwa picha mbele na nyuma: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, nambari, uso. Chini yake kumeandikwa maradhi yake, maradhi ambayo mwanamke wa kwetu hamwambii hata wifi yake, kisha kambi aliyoko, kisiwa alichozaliwa na nambari ya simu ya kupelekea mchango. Mwisho, kwa herufi kubwa: SAMBAZA UPATE THAWABU.

Na watu wakasambaza. Mimi kufikiwa nayo nilikuwa wa makumi, au wa mamia, Mungu ndiye ajuaye.

Mchango sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na huyo aliyeirusha kadi bila ya kumuuliza mwenyewe, kisha akajiona amefanya ihsani. Kwani pesa haziji mpaka tuone nambari ya kadi? Mzee mmoja anayeaminika akisema “namjua, mgonjwa kweli, tumeni kwangu,” nani atakataa? Baba zetu walichangishana hivyo, na aibu ya mtu ikabaki ndani ya nyumba yake.

Waungwana, sisi Wabajuni ni wachache. Mtu wa Nairobi anaweza kujificha nyuma ya jina Mohamed. Kwetu, taja kisiwa, Chula au Koyama, ongeza jina la babu, na mtu yeyote wa Kismayo atakuonyesha mlango. Ukimtoa mmoja umewatoa nduguze, wakweze na watoto wa mamake mdogo. Na Kismayo si mji wa kufanyia mchezo huo. Al-Shabaab waliushika kuanzia 2008 hadi 2012, na hata walipotolewa hawakwenda mbali. Mwaka 2014 walizipa kampuni za simu siku 15 zizime intaneti ya simu, wakidai inatumiwa kuwapeleleza. Ndio walewale ambao taasisi ya Hiraal ya Mogadishu ilieleza mwaka 2020 namna wanavyotoza watu kodi hata ndani ya miji ya serikali, bandarini na madukani. Basi wewe kijana unayeweka Facebook mashine mpya ya mashua ya mjomba wako, na kambakoche aliowashusha asubuhi, na jina la chombo, wamwandikia nani hesabu hiyo?

Linaloniudhi zaidi ni kwamba tuna kila sababu ya kuijua hatari hii. Hakuna watu waliopimwa kwa taarifa zao kama sisi. Tulipokimbia vita vya Somalia vya 1991 na baadhi yetu wakafika Ulaya, kila neno letu lilitiwa mizanini. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi mahususi juu ya Mbajuni na Kibajuni chake: ajua kiasi gani, na asipojua ana maana gani. Kampuni ya Sprakab ya Sweden ikawa inamsikiliza mwombaji hifadhi kwa simu, kisha mchambuzi anasema huyu ni wa visiwani, huyu ni wa Kenya. Mpaka mwaka 2014, katika kesi za Wasomali wengine, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikalazimika kuonya kwamba wachambuzi hao wasisemee yaliyo nje ya utaalamu wao. Sauti ya dakika chache ilitosha kumfungulia mtu mlango au kumfungia. Leo watu haohao waachia sauti za wenzao zizunguke makundi matano, na picha za harusi za Mombasa zikiwa na majina ya wote waliokaa, wakati mwenzao mmoja humo bado yuko mbele ya hakimu Glasgow anaulizwa wewe ni wa wapi hasa. Urafiki wa Facebook unaweza kusomwa kama hati ya kuzaliwa.

Tazameni na Garissa, jirani yetu. Wakati wa ukame, familia za Kenya, Wakenya halisi, ziliingia kambi za Dadaab zikajiandikisha wakimbizi ili zipate unga. Watoto wakatia vidole kwenye mashine. Walipofika umri wa kitambulisho, kompyuta ikawakataa: ninyi ni wakimbizi. Maelfu wakakaa miaka mingi bila ya kitambulisho, bila ya kazi, bila ya laini ya simu kwa jina lao, kwa sababu ya kidole kilichotiwa kwa ajili ya mgao wa chakula. Taarifa haimuulizi mtu alikuwa na njaa kiasi gani siku alipoitoa.

Serikali nazo? Somalia ilipitisha sheria ya kulinda data mwaka 2023, ikasifiwa. Novemba 2025 ubalozi wa Marekani ukatangaza kwamba mfumo wa serikali wa viza ya mtandaoni ulikuwa umevunjwa, na taarifa za watu wasiopungua 35,000 huenda zimetoka: picha, tarehe na mahali pa kuzaliwa, hali ya ndoa, anwani ya nyumbani. Mtu aliyetaka tu kuja kumzuru mamake! Wenye kudai taarifa zetu kwa lazima wameshindwa kuzitunza, na hilo ni la kuwalaumu wazi bila ya haya. Lakini sheria haifiki kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Huko hakimu ni sisi.

Najua jibu la vijana: basi tufunge simu tukae kiza? Sikusema hivyo. Hodan Nalayeh, mwandishi wa habari, siku chache kabla ya kuuawa katika shambulio la hoteli ya Asasey, Kismayo, tarehe 12 Julai 2019, alirusha picha za kisiwa cha Ilisi, na dunia ikaona pwani yetu kwa jicho jema. Ile ilikuwa kazi yake, kwa jina lake, kwa uamuzi wake, naye aliijua hatari ya mji. Mama wa kwenye mkeka hakuamua chochote.

Kwa hiyo nawaambia wenye makundi, ninyi mnaojiita maadmini na kufungia watu kwa sababu ya siasa: kadi, pasi, karatasi ya hospitali na uso wa mtoto visikae kwenye kundi hata dakika moja. Futeni kwa wote, mpigieni aliyetuma, mwulizeni mwenye kadi yuko wapi na amekubali nini. Akirudia, mtoeni, hata akiwa shemeji yenu.