Keki ya ulezi, tui la nazi na kisu kimoja

Wale mliofunga ndoa hivi karibuni mmeshamaliza kufungua zawadi na sasa mnajiuliza mtazifanyia nini seti nne za glasi. Haya, mwezi huu naingia jikoni na swali ambalo limekuwa likinijia kwa sura tofauti: hivi inawezekana kuoka kitu kitamu, cha kumwekea mgeni mezani bila aibu, pasipo ngano, pasipo yai, pasipo maziwa wala siagi?

Inawezekana sana. Tena bibi yako alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi, wewe ndiye uliyesahau.

Chukua kitumbua. Mchele unalowekwa usiku, unasagwa na tui la nazi, inatiwa sukari, iliki na hamira kidogo, unaachwa uumuke, kisha unachomwa kwenye kikaango chake chenye vishimo. Hakuna ngano hapo, hakuna kitu kilichotoka kwa kuku wala ng'ombe. Kashata ya nazi hivyo hivyo. Kashata ya karanga, ndizi mbivu za tui, ubuyu, vyote viko salama. Leo mtu analipa hela nyingi kwenye mgahawa wa kisasa kwa kipande cha keki "isiyo na ngano wala mnyama", wakati nje ya geti la ofisi yake kuna mama ana ndoo ya vitumbua vya moto. Ila muulize kwanza huyo mama kwa upole, maana wapo wanaochanganya unga wa ngano kidogo ili rojo ishikane, na wapo wanaochomea vitumbua kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi.

Najua kuna watakaosema hii ni mitindo ya watu waliokosa kazi. Jamani, kwa baadhi yetu siyo mitindo.

Mdogo wangu wa kike aligundulika kuwa na ugonjwa wa siliaki akiwa na miaka 26, baada ya miaka mitatu ya kuambiwa leo ni taifodi, kesho vidonda vya tumbo, keshokutwa minyoo. Damu ilikuwa haipandi hata anywe vidonge vya madini ya chuma pakiti ngapi. Tumbo linajaa, mwili unakwisha, na mtaani watu wameshaanza kunong'ona yale wanayonong'ona wakimwona binti anapungua. Siliaki ni hivi: ndani ya ngano, shayiri na rai kuna protini inaitwa gluteni. Kwa mwenye ugonjwa huu, gluteni ikiingia, kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula vinalala, na mtu anakula vizuri huku mwili unakufa njaa. Daktari mmoja wa Uholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyeonyesha kwenye utafiti wake wa mwaka 1950 kuwa mkosaji ni ngano. Hadi leo tiba inayotegemewa ni kuacha gluteni maisha yote. Siyo kupunguza, ni kuacha.

Na hapa nisikilize vizuri, shosti, kwa sababu wengi wanajichanganya. Ukijihisi una dalili hizi, usiache ngano kwanza. Nenda upime ukiwa bado unakula chapati zako kama kawaida. Kipimo cha damu kinatafuta askari wa mwili wanaotengenezwa kwa sababu ya gluteni, na baada ya hapo daktari anaweza kuchukua kinyama kidogo cha utumbo kwa mpira wenye kamera. Ukishaacha ngano kwa miezi kadhaa, askari wanarudi kambini na kipimo kinaweza kusema huna kitu wakati unacho.

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Akapata mchumba, kijana mtaratibu, na huyo shemeji yangu naye ana yake: hali nyama, hanywi maziwa, hagusi yai, hata asali anaipisha. Kwao ni Wasabato, wengine hapo nyumbani mayai wanakula, yeye kaamua. Mimi humtania kwamba hali kitu chochote chenye mama. Kwa hiyo tuna bibi harusi asiyegusa ngano na bwana harusi asiyegusa yai wala siagi, na ninyi wenyewe mnajua harusi zetu. Keki ndiyo roho ya ukumbi. Inaingia kwa muziki, MC anahesabu moja mbili tatu, wanakata, wanalishana, kisha bibi harusi anapiga magoti kuwalisha wakwe huku kamera zote zimemwelekea. Unafanyaje?

Mwokaji wa kwanza tuliyemwendea alitusikiliza vizuri, kisha akasema, "Dada, kipande cha kulishana ni kidogo kama kidole, hakiwezi kumdhuru." Tufanye hesabu. Kidole cha keki cha gramu 10 kina unga wa gramu 3 hivi, na ndani yake gluteni inapita miligramu 200. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kuwa hata miligramu 50 kwa siku, zikiendelea kwa miezi 3, zinaweza kuudhuru utumbo wa mwenye siliaki. Na kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo nzima. Kidole hicho siyo kidogo hata kidogo.

Kamati ya harusi nayo ikaja na yake: tuweke keki kubwa ya kawaida, na pembeni kiboksi maalumu cha maharusi. Wazo zuri kwenye karatasi. Lakini kisu ni kimoja, kile chenye utepe, na MC hana habari za makombo. Halafu fikiria picha yenyewe: bibi harusi anawalisha wakwe kutoka sahani ile, yeye analishwa kutoka sahani hii, siku ya kwanza kabisa. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa ameshaanza kusema kwamba binti anaringa, kwa sababu mara mbili alikataa chapati nyumbani kwake. Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumkataa mwenyewe. Nikasema hapana, keki yote itakuwa moja, kuanzia ngazi ya juu mpaka vipande vya wageni wa meza ya mwisho.

"Keki ya uji?" mama mkwe aliuliza aliposikia neno ulezi. Na simlaumu, ulezi wengi tunaujua kwenye kikombe cha mtoto.

Lakini ulezi, wenzetu wa Kenya wanauita wimbi, ni nafaka yetu hasa. Ulianza kulimwa kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita, kisha ukasafiri mpaka India. Kila gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, na kwa sababu punje ni ndogo mno kukobolewa, ukisaga unapata unga mzima na ganda lake. Ukiokwa unatoa rangi ya kahawia iliyokolea, mgeni atadhani umetia kakao. Mtama mweupe, ule unaolimwa sana Dodoma na Singida, una ladha ya utulivu na unakaribia ngano kwa tabia; achana na ule mwekundu kwenye keki, una ukakasi. Unga wa mchele peke yake hukauka na kuwa kama mchanga mdomoni. Wanga wa muhogo ndio unaoleta ulaini na kuvutika.

Tatizo la unga huu wote ni moja. Gluteni kwenye ngano inafanya kazi ya wavu, inanasa hewa keki inapopanda. Ukiiondoa, na yai nalo umeliondoa, hakuna wa kushika nyumba. Unahitaji kishikizo. Mbegu za kitani zilizosagwa, au yale maganda ya isabgoli yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za Kihindi, yakilowekwa yanakuwa ute mzito kama bamia, na ute huo ndio wavu wako mpya.

Vipimo nilivyotumia, kwa keki moja ya sentimita 20, ni hivi. Pima kwa mizani, siyo kwa kikombe, kwa sababu unga huu unatofautiana uzito mno. Mtama mweupe gramu 140, ulezi gramu 80, wanga wa muhogo gramu 80. Sukari gramu 200, chumvi kijiko cha chai nusu, iliki ya kutosha, usiwe bahili. Loweka vijiko viwili vya chakula vya mbegu za kitani zilizosagwa kwenye vijiko sita vya maji mpaka vivute. Ponda ndizi mbivu moja ilainike kabisa. Changanya hivyo vyote na tui zito mililita 350 na mafuta ya kupikia mililita 100, kisha funika na uache dakika 30. Hapo ndipo watu wanapokosa subira. Unga wa nafaka nzima unakunywa maji polepole, na usipouacha unywe utasikia chenga kwenye meno. Baada ya hapo ndipo utie beking pauda vijiko viwili na nusu vya chai na maji ya ndimu kijiko kimoja cha chakula, koroga haraka, mimina, ingiza kwenye oveni ya nyuzi 175 kwa dakika 45 hadi 50. Kama huna oveni, sufuria yenye mchanga inafanya kazi: mkaa mwingi juu ya mfuniko, mchache chini. Usiikate ikiwa ya moto, itabomoka na utanilaumu bure. Iache ipoe kabisa, hata masaa mawili.

Kwa juu tulipaka rojo ya sukari guru iliyochemshwa na tui, tukanyunyiza nazi iliyokaangwa. Ile povu nyeupe ya maji ya dengu, ambayo Mfaransa Joël Roessel aligundua mwaka 2014 kuwa inapigika kama ute wa yai, ni tamu na inafaa kwa biskuti. Ila kwa ukumbi wa Dar mwezi wa Februari, wapenzi, hiyo itamwagika kabla bwana harusi hajashuka kwenye gari.

Shemeji ndiye aliyempelekea mama yake kipande cha majaribio, akamwachia mezani bila maneno mengi. Mama alikula, akaongeza, akauliza kakao hii mmenunua wapi. Ndipo akaambiwa. Siku ya harusi alilishwa na mkwewe kipande kile kile alichokula mkwewe, kwa kisu kile kile, na mdogo wangu akacheza mpaka taa za ukumbi zikaanza kuzimwa.

Kuna jambo moja nataka wanandoa mlishike, kwa sababu naliona linaleta ugomvi usio na sababu. Kama mwenzi wako ana mashariti ya chakula, wewe mwenye ukoo ndiye useme kwenu. Usimwache mkeo ajitetee mbele ya mama yako akiwa ameshika sahani. Piga simu siku mbili kabla, sema mke wangu ngano inamuumiza, mtuwekee wali na mchuzi usiotiwa unga, nasi tutakuja na kitindamlo. Kufika na keki mkononi kunasaidia, kwani aliyeleta chakula haonekani amekataa chakula.

La mwisho ni mashine ya kusaga. Unaweza kununua ulezi safi, ukauchagua na kuuosha, halafu ukaupeleka kwenye mashine iliyotoka kusaga unga wa lishe wenye ngano ndani yake. Hapo umefanya kazi bure kwa mgonjwa wako. Tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa. Zipo nyingi za mahindi na muhogo tu, uliza. Au saga nyumbani kwa blenda, kidogo kidogo, ukichekecha. Soma pakiti ya beking pauda pia, nyingine zimechanganywa na wanga wa ngano. Unga ukishasagwa weka kwenye friji, maana nafaka nzima ina mafuta yake na huchacha mapema, na usinunue wa kukaa miezi mitatu. Gramu 300 kwa keki moja, piga hesabu ya wiki mbili.