Kuku wa Ubaoni

Walimu wenzetu, tumezoea kuchora kuku ubaoni na kuwaamuru wanafunzi wamnakili. Twaona kwamba desturi hiyo huuzoeza mkono, bali huyaacha macho yamelala.

Katika Korea ya karne ya 18 alikuwako mchoraji wa jumba la kifalme, Byeon Sang-byeok. Mwaka 1763 alishiriki kuchora sura ya Mfalme Yeongjo. Hata hivyo watu walimbandika jina la Byeon Paka, kwa jinsi alivyowajua wanyama hao. Katika picha yake moja paka amekwea mti, naye ageuka kumtazama mwenzake aliye chini. Katika nyingine kuku ameshika nyuki mdomoni, vifaranga wamemzunguka wakingoja. Nyuki yule hakutoka ubaoni! Lazima mtu achutame uani, anyamaze, asubiri.

Tutaambiwa kwamba watoto ni wengi na penseli ni haba. Ni kweli, lakini kumtazama kuku hakuna gharama, naye hupita mlangoni petu kila siku. Twapendekeza kipindi cha kwanza kisiwe na karatasi hata moja: wanafunzi watoke nje, kisha warudi watueleze jinsi kuku akunjavyo vidole ainuapo mguu.