Kijana Atakayezaliwa Nje ya Dunia

Mwaka 1974 Gerard O'Neill, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Princeton, alitoa makala akidai kwamba mwanadamu aweza kujenga makao ya kudumu katika anga za juu. Mwaka uliofuata wataalamu waliokutana California chini ya NASA walichora mfano mmoja: gurudumu lenye kipenyo cha kilometa 1.8 hivi, la kukaliwa na watu 10,000, likijizungusha mara moja kila dakika ili wakazi wawe na uzito ule ule walio nao hapa duniani. Hewa ilipigiwa hesabu, na maji, na mashamba. Asiyeonekana vema katika hesabu hizo ni kijana wa miaka 18, mzaliwa wa humo, atakayewaambia wazazi wake siku moja kwamba anataka kuondoka.

Yaweza kujibiwa kwamba hakuna mtoto anayechagua mahali pa kuzaliwa. Ni kweli, lakini kijana wa kijijini akishapevuka hufunga mzigo wake akaenda mjini, na miguu yake humkubalia. Kwa mzaliwa wa Mars jambo hili si hakika hata kidogo. Mvutano wa sayari hiyo ni asilimia 38 tu ya ule wa dunia, na wa Mwezi ni sehemu moja ya sita. Mifupa hujijenga kwa kadiri ya mzigo inaoubeba, na sehemu kubwa ya uimara wake hupatikana kabla ya utu uzima. Valeri Polyakov alikaa siku 437 katika kituo cha Mir, 1994 hadi 1995, akarudi akiwa mzima. Lakini yeye alipanda huko na mifupa iliyokwisha komaa. Kijana wa Mars atakuwa hana mifupa ya namna hiyo ya kurudi nayo. Ndiyo maana lile gurudumu la mwaka 1975, ingawa gharama yake ni ya kutisha, lina haki zaidi kuliko kijiji cha Mars: halimfungii mtoto mlango wa kurudi.

Liko na suala la kazi. Katika jaribio la Biosphere 2 huko Arizona, watu wanane walijifungia tangu 1991 hadi 1993. Oksijeni ikashuka kutoka asilimia 20.9 hadi kama 14.5, ikabidi nyingine iingizwe kutoka nje. Penye watu wachache na hewa ya kutengenezwa, kijana anayekataa kutunza mitambo kwa kuwa apenda muziki ataitwa mhatarishaji wa jamii, na pengine ataitwa hivyo kwa haki. Hapo uhuru wake utalindwa na nani? Sheria ya jambo hili yapasa kuandikwa kabla ya roketi kuondoka, na wasiwe wenye roketi peke yao watakaoiandika.

Hadi sasa hakuna mtoto aliyezaliwa huko. Panya wenye mimba waliorushwa na Wasovieti katika Kosmos 1514, mwaka 1983, walikaa siku tano tu, wakazalia duniani. Hata hivyo wapo wanaotangaza miji ya Mars kana kwamba swali hili limekwisha jibiwa.