Bach Alirushiwa Dongo Mwaka 1737, na Aliyelirusha Alikuwa na Hoja

Kurusha dongo bila kutaja jina hakukuanza Instagram. Mwaka 1737 huko Ujerumani, mwandishi mmoja wa muziki, kijana wa miaka 29, alichapisha barua kwenye jarida lake akimponda fundi fulani wa muziki. Jina hakuweka. Wadau wakajua fasta kwamba anasemwa Bach.

Na kijana alikuwa na sababu ya kununa. Miaka kadhaa nyuma aliomba kazi ya kupiga kinanda cha kanisa pale Leipzig akakosa, na Bach alikuwa mmoja wa waamuzi. Haya sasa.

Ila ukiweka kinyongo pembeni, lawama yenyewe ina akili. Alisema muziki wa Bach umejaa mno, kila sauti inahangaika sawa na mwenzake mpaka msikilizaji hajui ashike ipi. Hapo ndipo baroko na klasiki zinapoachana, japo wengi huzitupa kapu moja na kuziita muziki wa violini wa kwenye harusi za matajiri. Kwenye baroko ya Bach sauti tatu, nne zinaongea kwa wakati mmoja, kama kikao cha ukoo ambacho hakuna aliyekubali kunyamaza, ila hapa maneno yanapatana. Klasiki ya Haydn na Mozart mara nyingi inampa mmoja maiki, wengine wanamsindikiza. Mtu anapata pa kupumua, na akitoka hapo anaondoka anaimba.

Kwa hiyo kijana aliona mbali, ladha ilikuwa inageuka kweli. Bach alipofariki 1750, kwa wengi alishakuwa zilipendwa.

Alipochemka ni kuuita ule ujazo kasoro. Mwaka 1782, Vienna, Mozart alikuwa anakwenda kila Jumapili nyumbani kwa kigogo mmoja wa serikali, na huko zilipigwa kazi za Bach na Handel tu. Nyingine akazipanga upya kwa ajili ya violini na wenzake. Mwaka 1788 akaandika simfoni namba 41, na kule mwishoni kabisa anachukua viwimbo vitano na kuviachia vyote kwa mkupuo. Ujazo ule ule uliopondwa! Ila haumchanganyi mtu, kwa sababu kila kimoja ameshakitambulisha mapema.

Anayesema baroko ni kelele za kizamani asikilize dakika hiyo ya mwisho, halafu ndo aje na maneno yake.