Kumweka binti ndani si kumsomesha nyumbani



Kuna neno linazunguka huku kwetu, Kivinje mpaka Lindi mjini, nalo linanikera: "Huyu tutamsomesha nyumbani." Liulize maswali matatu tu. Nani anamsomesha? Kitabu gani? Saa ngapi? Utakuta binti anakuna nazi, anabeba wadogo zake na kusubiri posa. Huko ni kumficha mtoto, na kutaja dini juu yake ni kuidhulumu dini.

Elimu ya nyumbani yenyewe watu wa pwani tunaijua. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi, mnamo 1858, alikuwa anafanya nini kama si kumsomesha nyumbani? Wengi huutaja utenzi ule kumhimiza bi harusi amtii mume. Wachache hutaja kwamba aliyeutunga ni mwanamke msomi, na kwamba binti aliitwa aje na wino na karatasi.

Na tusidanganyane kuhusu sheria. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi. Tangu 2016, anayemuoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kwa hiyo nyumbani unaanza kabla ya miaka hiyo 7, kisha unaendelea jioni na siku za likizo. Nyumba haiwi kisingizio cha kumtoa darasani.

Kuanza hakutaki fedha nyingi. Saa moja kila siku mtoto akishatoka chuoni, daftari, na simu uliyonayo mkononi: Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Tena sisi wa Kilwa tuna darasa ambalo wengine hulifuata kwa ndege. Vukeni na mashua kutoka Masoko mpaka Kisiwani. Mwonyeshe mtoto Msikiti Mkuu, mwonyeshe birika la pembe nane la Husuni Kubwa, ahesabu pembe mwenyewe. Mwambie Ibn Battuta alifika hapa 1331. Mwambie sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa hadi visiwa vya kaskazini mwa Australia, halafu mpe ramani atafute njia. Hapo mna historia, hesabu na jiografia, na nauli ni ya mashua tu.

Linalowashinda wengi ni upweke. Mama akifundisha peke yake, wiki ya pili amechoka na mtoto amenuna. Unganeni nyumba tatu au nne. Mwenye hesabu afundishe hesabu, fundi cherehani afundishe vipimo, bibi asimulie hadithi na watoto waziandike. Watoto wanapata wenzao, na nyinyi mnapata wa kuwauliza. Mbona kwenye kikoba mnakutana kila wiki kuhesabu hisa, watoto wanazurura nje? Waiteni ndani, wahesabu nao.

Na wewe uliyeachia shule njiani, usijifanye hili halikuhusu. Upo Mtihani wa Maarifa: ukifaulu, unaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kaulizie Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Hata binti aliyepata ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu arudi shuleni. Atakayekwambia "umeshachelewa", mwulize anafaidika nini wewe ukibaki hivyo.

Mabibi harusi, sasa nyinyi. Mahari tunayajadili wiki nzima, kitanda na kabati havisahauliki, masomo hayaguswi hata na shangazi mwenye mdomo kuliko wote. Yatajeni. Mwambie walii wako ayaseme mbele ya mashahidi kabla ya nikah: nitaendelea kusoma, na siku tatu kwa wiki nitakaa na wenzangu tusome. Uislamu unamtaka mtu atimize ahadi, basi mpe mwanamume nafasi ya kuahidi. Akisita, na asite siku hiyo, wakati hina bado iko kwenye pakiti.